Msingi wangu umepigwa rangi nyekundu. Kibali cha ujenzi huku shamba kinaanzia wapi?

Mama Sabra, Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba msaada wa mtu aliyewahi kuomba kibali cha ujenzi shamba, si mjini. Ya Chake Chake na ya Mji Mkongwe nimesikia mengi, lakini mie niko kijijini, Kaskazini Pemba, mbali na lami, na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Kisa changu ni hichi. Nalima mwani. Miaka mitano nimeweka pesa kidogo kidogo, nyingi za mwani mwembamba, maana ule mnene maji yakipata moto unaozea kwenye kamba. Nikafyatulisha matofali 1,100, nikanunua mawe gari tatu, nikamwita fundi tukachimba msingi wa nyumba ya vyumba vitatu, futi 38 kwa 30. Ni ya mama yangu, mie na wanangu wawili. Nyumba anayokaa mama sasa ni ya miti na udongo. Ukuta wa upande wa magharibi umeinama, tumeuegemeza boriti mbili, na masika ikianza silali mpaka nimsikie anakohoa nijue yu mzima.

Msingi ulipofika kozi ya tatu wakaja watu wawili na pikipiki. Mie sikuwapo, ilikuwa bamvua na niko pwani. Niliporudi nikakuta wameandika juu ya matofali kwa rangi nyekundu: SIMAMISHA, na tarehe. Rangi ilikuwa bado mbichi, imechirizika kwenye viungo vya saruji mpaka chini kwenye udongo. Mwanangu mdogo, yuko darasa la pili, ndiye aliyenisomea. Alikuwa amechutama pale akifuatisha herufi moja moja, na kidole chake chote chekundu. Nikamwosha kwa mafuta ya taa. Hakuniuliza kitu, na mie sikuwa na la kumwambia.

Kesho yake nikaenda wilayani. Nimekaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka kukaadhiniwa adhuhuri, nikaambiwa nilete karatasi za eneo. Nikauliza karatasi zipi, nikajibiwa nikamuulize sheha, kiongozi wa serikali hapa kijijini. Sheha akaniambia yeye anaandika barua tu, na hawezi kuandika kwamba eneo ni langu ikiwa hakuna maandishi. Karatasi niliyonayo ni moja, jina la marehemu baba. Imekunjwa mara nne na kwenye mikunjo imeshachanika. Baba alifariki 2009.

Sitafuti njia ya mkato. Nataka nyumba ambayo mama atakaa bila kushtuka akisikia pikipiki. Nianzie wapi?

Fundi Mawe

Waalaykum salaam dada, pole sana. Mie ni fundi wa kujenga, mwaka wa kumi na tisa huu.

La kwanza, ile rangi usiifute, na usiongeze hata tofali moja. Wakirudi wakikuta kozi ya nne, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa. Funika msingi kwa makuti au majani ya mgomba mvua isile saruji, na yale matofali yaliyobaki yapange juu ya mawe yasikae kwenye udongo. Hivyo hukatazwi na mtu.

La pili, usikimbilie ramani. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu akisikia kibali anakwenda kwa mchoraji, analipa, anachorewa nyumba nzuri, kisha ule mchoro unakaa sandukuni kwa sababu eneo halina mwenyewe anayejulikana. Mwaka huu peke yake nimeshawaona watatu. Mchoro ni kazi ya wiki moja. Karatasi ya eneo ndiyo inayokula miezi.

Sasa nijibu: hilo eneo ni kiambo chenu cha asili, au ni eka?

Kijana wa Uwandani

Dada usijitese. Huku kwetu nyumba tisa katika kumi hazina kibali na watu wanakaa. Jenga Ijumaa mchana na Jumapili, hawaji siku hizo. Piga haraka haraka ufike lenta, paua, ezeka. Nyumba ikishaezekwa na bibi kizee yumo ndani, nani atakuja kuibomoa? Au mpe yule wa pikipiki chochote arudi alikotoka.

Abuu Nassor

Kijana, nakuheshimu, lakini ushauri huo niliufuata mie na nimeulipia.

Nilijenga vyumba viwili na ukuta wa ua kando ya njia ya gari, bila kibali, bila barua ya sheha. Nikakaa miaka minane hakuna aliyenigusa. Njia ikaja kupanuliwa. Wakaja watu wa kuthamini mali, wakahesabu kila kitu kilichomo: minazi sita, mfenesi, migomba. Walipofika kwenye nyumba wakaniomba karatasi. Jirani yangu alikuwa na kibali chake kimetiwa plastiki, akakitoa. Mie nikatoa risiti za saruji. Minazi yangu ililipwa, nyumba yangu haikulipwa. Mke wangu alisimama pale akaangalia jikoni mwake linapita tingatinga.

Na huyo wa pikipiki ukimpa leo, kesho atakuja mwenziwe. Mama Sabra umesema hutaki njia ya mkato. Shika hapo hapo.

Mshika Mnyororo

Mwanangu Mama Sabra, mie ni mstaafu. Nilifuatana na wapima ardhi miaka ishirini na saba, kazi yangu ilikuwa kuvuta mnyororo na baadaye utepe, Unguja na Pemba. Karatasi kama hiyo yako iliyochanika nimeziona nyingi, na nakuomba uitunze. Itie baina ya vipande viwili vya plastiki, uipige kopi kabla hujaitoa tena nje. Usiibandike gundi.

Fundi ameuliza swali lenyewe: kiambo au eka? Maana yake ni hii. Ardhi yote ya Zanzibar ni ya Serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964. Anachomiliki mtu ni haki ya kuitumia, na Sheria Na. 12 ya 1992 ndiyo iliyoipanga haki hiyo vizuri, nayo inarithiwa. Miti ni habari nyengine, mtu anaweza kuwa na minazi juu ya ardhi ya mwenziwe. Sasa kiambo ni pale ukoo ulipokaa tangu jadi. Nyumba zimo, makaburi yamo, hakuna anayeshangaa ukijenga. Eka ni zile eka tatu tatu walizogaiwa watu baada ya Mapinduzi wazilime. Zilitolewa kwa kilimo, hazikukusudiwa kukatwakatwa viwanja. Kwa hiyo ukichimba msingi ndani ya eka, kwa macho ya afisa umefanya mambo mawili: umejenga bila kibali, na umegeuza matumizi ya ardhi ya kilimo. Yeye huandika neno moja tu kwenye tofali, lakini yamo mawili.

Watu hudhani kibali ni habari ya mjini. Amri ya mipango ilitungwa 1955, wakati wa Waingereza, na jina lake lenyewe linataja miji na mashamba. Halmashauri nazo zina sheria yao ya 2014. Shamba kumesahauliwa muda mrefu tu kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuja huko na pikipiki.

Nipe majibu matatu nikuelekeze. Eneo ni la namna gani? Warithi wa baba ni wangapi, na mirathi imeshafanywa? Kuna mikarafuu kwenye ulipochimba?

Mama Sabra

Shikamoo mzee wangu. Ahsanteni nyote. Abuu Nassor, nimemsomea mama habari ya nyumba yako na amekuombea.

Mzee, ni eka. Baba alipewa akiwa kijana, yeye na kaka zake. Mie nimechimba kona ya juu, karibu na njia, kwa sababu chini ni bonde la mpunga na maji hupita.

Mirathi hatukuwahi kufanya. Baba alipofariki tuliendelea tu, kila mmoja anachuma upande wake na hatukugombana hata siku moja. Pengine ndiyo maana hakuna aliyeona haja. Tumo mama, na ndugu sita: wanaume wawili, wanawake wanne. Kaka mkubwa yuko Dar es Salaam, dada mmoja yuko Maskati anafanya kazi za nyumbani, wengine tupo hapa.

Mikarafuu iko miwili. Mmoja uko nje ya msingi, mwengine umo ndani, pale penye chumba cha mama. Nilitaka kuukata baada ya vuno. Ni mzee, unazaa tawi moja.

Mshika Mnyororo

Marahaba mwanangu. Alhamdulillahi kwamba hujaukata. Mkarafuu haukatwi bila kibali, hata ukiwa wako na hata ukiwa umezeeka. Sheria ya karafuu ya 2014 imelikaza jambo hilo. Ungelikuwa na kesi ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza.

Kwenye mirathi hesabu yenu ni nyepesi, imekaa vizuri kama aliyeipanga. Mama ana thumuni, yaani moja ya nane. Inayobaki ni ya watoto, mwanamume mafungu mawili ya mwanamke. Igawe eka yote mafungu 64. Mama achukue 8, kila mwanamume 14, kila mwanamke 7. Jumlisha uone inatimia. Fungu lako wewe katika eka tatu ni kama theluthi ya eka moja, na nyumba yako ya futi 38 kwa 30 inaingia humo mara nyingi, na pa kupanda migomba panabaki.

Lakini nisikilize vizuri. Sikwambii mkaikate eka vipande saba, huko ndiko mtakakokwama. Nenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, wapo Pemba, mkafungue mirathi ya baba ili warithi wajulikane kwa maandishi. Kisha warithi wote waandike kwamba wameridhia wewe ujenge kwenye kona ile, kwa vipimo, na shamba lililobaki libaki shamba, mlitumie pamoja kama mlivyokuwa. Maandishi hayo yawe mbele ya sheha na mashahidi wa mipaka, yaani majirani wa pande zote. Hapo sheha atakuwa na cha kuandikia barua. Barua hiyo, na karatasi ya baba, na ya mirathi, ndizo utakazopeleka kwa watu wa ardhi kuomba sehemu ya makaazi ndani ya eka. Ukishakuwa na hizo ndiyo umwite mchoraji, na fomu ya halmashauri ije mwisho.

Utaona ni safari ndefu. Benchi ulilokalia lilikuwa la mwisho, ndiyo maana hukupata la kujibu.

Bint Maskati

Mama Sabra, kwa huyo dada yako aliyeko huku: asisaini karatasi ya kawaida akaituma kwa simu, haitakubaliwa. Mie ilinibidi niandike hati ya uwakala kumpa kaka yangu nguvu ya kunisainia, nikaenda ubalozi wetu hapa Maskati ikagongwa mhuri, nikaituma na msafiri wa kuaminika. Shida haikuwa karatasi, shida ilikuwa kupata siku ya kutoka kwa bosi. Mwambie aombe ruhusa mapema na achukue pasipoti yake mkononi.

Fundi Mawe

Mzee ameshamaliza ya ardhi, mie nitie ya kwetu. Mchoraji akija mpeleke eneo lenyewe, asichore kwa kuhadithiwa. Mwonyeshe kisima kiko wapi, njia iko wapi, maji ya mvua yanapita wapi. Wakaguzi ninaowajua mie huangalia vitu vitatu kabla hawajaangalia chumba: nyumba iko mbali kiasi gani na njia, iko mbali kiasi gani na mpaka wa jirani, na karo la choo liko wapi na kisima cha nani. Na mwambie akuchoree kilichokuwapo, pamoja na msingi uliokwisha chimbwa. Usiufiche. Wameshauona.

Mama Sabra, wiki tisa baadaye

Assalaam alaykum. Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa njiani kila siku. Nawaeleza nilipofika, huenda kuna mwengine ana rangi kwenye msingi wake.

Nilianza na kaka wa Dar. Nilikuwa na hofu naye kwa sababu yeye ndiye mwenye mafungu 14 na hajawahi kusema atarudi au hatarudi. Nikampigia simu, nikamsomea maneno ya mzee kama yalivyo. Akanyamaza, kisha akauliza, ule mkarafuu wa karibu na njia bado upo? Nikamwambia upo. Akasema ule aliupanda baba siku aliyozaliwa yeye. Mie sikujua. Mama alijua, hakusema, kwa sababu hakutaka kunivunja moyo na chumba chake.

Basi sikuukata, na sitauomba kibali. Tumesogeza nyumba.

Siku ya kupima walikuja sheha, majirani watatu, ami yangu na mpima. Mpaka wa upande wa kaskazini una mibono aliyoipanda baba, mitano imesimama na mingine imekufa. Jirani yangu wa upande ule, mzee wa miaka themanini, alitoka na bakora yake akawa anagonga ardhi mahali palipokuwa na mti uliokufa. Akigonga, mjukuu wake anachimba kwa jembe, na kila mara wakakuta kisiki. Mara nne. Mpima akatia kigingi. Yule mzee alikataa kukaa mpaka kikaingia cha mwisho, kisha akasema yeye na marehemu baba walipanda mibono ile asubuhi moja, na ameshukuru kuonyesha kabla hajafa. Nililia pale mbele za watu.

Wakfu tulikwenda mara tatu. Mara ya kwanza ilikosekana hati ya kifo ya baba, tulikuwa na ya mazishi tu. Mwenye kusoma hii aangalie hilo kabla ya kupanda gari. Uwakala wa dada ulikuja na mtu wa kijiji cha pili, Allah amlipe, hakutaka hata nauli. Kikao cha warithi tulikifanya barazani kwa mama, kila mmoja akatia saini, mama akatia dole gumba.

Mchoraji nilimpata Wete. Alikuja kama Fundi alivyosema. Nyumba imesogea hatua sita kuelekea juu na imegeuka kidogo, sasa mkarafuu uko mbele ya dirisha la mama. Nimepoteza upande mmoja wa msingi, mawe tumeyang'oa tutayatumia tena. Karo nalo amelihamisha. Mie nilikuwa nimelipanga nyuma ya jiko, kumbe ni mteremko wa kwenda kisima cha jirani yule yule mwenye bakora. Nilipofahamu hivyo nilishukuru kusimamishwa. Naisema kwa moyo safi, ingawa benchi lile sijalisahau.

Barua ya watu wa ardhi imetoka wiki iliyopita, sehemu ya kona imekubaliwa makaazi. Fomu nimeijaza, nimelipa, nimepewa risiti na mara hii nimepewa na jina la wa kumuulizia. Juzi walikuja wakaguzi, mmoja mgeni na mmoja wa wale wawili wa pikipiki. Alipima kutoka katikati ya njia kwa utepe, akaandika. Akaliangalia lile tofali lenye SIMAMISHA, akaniambia nisilifute mpaka nipate karatasi mkononi. Alisema kwa adabu.

Wamesema kibali kinapita kwenye kikao cha mwezi huu. Nina swali moja tu limebaki. Masika inakuja na ukuta wa mama unazidi kulala. Je, kwa hiyo barua ya ardhi na risiti naweza kuchimba shimo la karo tu, nisijenge, niwahi ardhi haijalowa?

Fundi Mawe

Hongera dada, umefika. Lakini usichimbe. Shimo la karo limo ndani ya mchoro, na mchoro haujagongwa mhuri. Na shimo lililo wazi masika ikianza ni hatari kwa wanao.

Tumia siku hizi kwa mama. Zile boriti mbili ongeza ya tatu, uiegemeze ukutani kwa mshazari na mguu wake uchimbie futi mbili, utie mawe. Mtandikie mama upande wa mashariki wa nyumba. Kisha kusanya mchanga na kokoto karibu na kona, uvifunike. Kibali kikitoka asubuhi, jioni tunapanga kamba. Nitafute tu, mie niko Konde, nitakuja na vijana wangu wawili na siku ya kwanza sichukui ujira.

Mshika Mnyororo

Na mwambie mpima akupe kopi ya kipimo cha vigingi. Uiweke pamoja na karatasi ya baba. Vile visiki vinne vya mibono msiving'oe.